Grenada upande wa kaskazini: shajara ya Mpemba kwenye kisiwa cha kungumanga

Jumatano, St George's

Uwanja wa ndege wa Grenada, nchi ya visiwa vya Karibi, uko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa, na mgeni akishateremka hapo kila kitu kinamshika abaki hapohapo. Hoteli ziko kusini, ufuo wa Grand Anse uko kusini, na meli kubwa za watalii hutia nanga St George's asubuhi zikaondoka jioni. Mimi nimekuja kwa ajili ya kaskazini na mashariki: miji ya wavuvi, maghala ya viungo, mashamba ya kakao, na mwishoni kisiwa kidogo cha Carriacou. Nimekulia Pemba chini ya mikarafuu. Nchi iliyoweka kungumanga kwenye bendera yake nilitaka kuiona ikiwa kazini.

Nchi yenyewe ni ndogo. Grenada, Carriacou na Petite Martinique ukizijumlisha unapata kilomita za mraba 344. Pemba peke yake inazizidi karibu mara tatu. Lakini milima imesimama wima katikati na barabara zinajipinda, kwa hiyo safari inayoonekana fupi kwenye ramani hula saa nzima na zaidi. Fedha ni dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1976.

Usafiri wa watu ni basi dogo, na aliyezoea daladala hatapotea: muziki uko juu, konda anapanga watu mpaka kiti cha kukunja cha mwisho, na anayetaka kushuka anagonga bodi ya gari. Jambo moja lishike mapema. Ukiingia unasalimia, kwa sauti, gari zima, na gari zima linakuitikia. Asiyesalimia anatazamwa. Hilo lilinifanya nijione niko kwa watu.

Jioni nilipanda Fort George, ngome iliyo juu ya bandari. Hapa tarehe 19 Oktoba 1983 Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake walipigwa risasi na askari wa nchi yao wenyewe, miaka minne na nusu baada ya mapinduzi yao ya Machi 1979. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakavamia. Miili ya Bishop na wenzake haijapatikana mpaka leo. Kijana aliyekuwa akivua kwa mshipi chini ya ngome aliniambia bibi yake bado huwasha mshumaa kila mwaka tarehe hiyo.

Alhamisi, Grand Etang

Barabara ya kwenda Grenville inavuka uti wa mgongo wa kisiwa, na juu kabisa kuna ziwa Grand Etang, limekaa ndani ya shimo la volkano iliyozimika, mita 530 hivi juu ya bahari. Mvua hapa haiombi ruhusa. Njia za msituni ni udongo wa mfinyanzi, utelezi mtupu. Chukua fimbo na viatu vyenye meno.

Msituni kuna nyani wadogo waitwao mona, jamaa wa kima wetu, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Waliletwa na meli zilezile zilizoleta watumwa. Wanaogopa watu kwa sababu huwindwa kwa nyama, hivyo usitegemee kuwalisha ndizi. Nilimwona mmoja tu, mkia wake ukining'inia juu ya tawi, kisha majani yakafunga.

Watalii wengi hupiga picha ziwani wakaondoka. Mimi nilifuatana na kijana wa hapo kuelekea kambi ya Fédon, juu ya milima, mwendo wa saa kadhaa wa kupanda na kushuka. Julien Fédon alikuwa mtu huru mwenye asili ya Kiafrika na Kifaransa, mwenye shamba la Belvidere. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 1795 watu wake waliishambulia miji ya Grenville na Gouyave kwa wakati mmoja, na kwa zaidi ya mwaka Waingereza walibaki kushika St George's na viunga vyake tu, huku maelfu ya watumwa wakijiunga na Fédon. Kambi yake ilikuwa huku juu kwenye ukungu. Hapa ndipo walipouawa mateka 48 wa Kiingereza, gavana Ninian Home akiwa miongoni mwao. Uasi ulivunjwa katikati ya 1796 na viongozi wengi walinyongwa, lakini Fédon mwenyewe hakukamatwa. Kuna wasemao alizama akivuka bahari kwa mtumbwi. Kijana wangu yeye hasadiki: "Mtu aliyeijua milima hii namna ile, atazamaje?"

Juu hapana jengo wala sanamu. Kuna uwanda mdogo, nguzo ya kumbukumbu, upepo, na mawingu yakipita chini ya miguu. Ukiwa hapo unafahamu vita ile ilidumu kwa nini.

Ijumaa, Gouyave

Siku niliyokuwa nikiingojea.

Gouyave ni mji wa wavuvi pwani ya magharibi, mtaa mmoja mrefu ulioshikana na bahari, maboti upande mmoja na mlima upande mwingine. Kwenye mtaa huo kuna ghala la kungumanga, jengo kubwa la ghorofa lenye sakafu za mbao, mali ya ushirika wa wakulima ulioundwa 1947. Kwa dola chache mfanyakazi anakuzungusha. Harufu inakupokea barabarani kabla hujauona mlango.

Tunda la kungumanga likiiva hupasuka lenyewe mtini. Ndani kuna kokwa nyeusi iliyovikwa wavu mwekundu, na wavu huo ndio basibasi. Mkulima hutenganisha kokwa na basibasi akazileta vyote viwili ghalani. Basibasi hukaushwa na kupangwa kwa madaraja. Kokwa hutandazwa kwenye vichanja vya mbao na kugeuzwa kwa reki mpaka zikauke kabisa, ndipo zikavunjwa ganda kwa mashine. Baada ya mashine kila kitu ni mikono. Kina mama wamekaa kwenye benchi mbele ya trei, wakichambua, vidole vikienda haraka kuliko macho yangu. Kisha kungumanga hutiwa majini: nzito huzama, hizo ndizo za kuuzwa kama kiungo, nyepesi huelea, hizo huenda kukamuliwa mafuta. Mwisho magunia hushonwa na kupigwa rangi jina la bandari yanakokwenda.

Nilikaa muda mrefu kwenye benchi la wachambuaji. Mama mmoja aliniuliza kwetu tunalima nini, nikamwambia karafuu, na kungumanga kidogo. Akataka kujua tunaanikaje. Nikamweleza majamvi uani, watoto kutumwa kukimbilia kuanua wingu likitanda, usiku wa kuchambua karafuu na makonyo ukumbi mzima umekaa chini. Akawageukia wenzake: "Mnasikia? Na wao ni mikono."

Nusu ya vichanja ilikuwa mitupu. Hiyo ni kazi ya kimbunga Ivan, tarehe 7 Septemba 2004. Kabla yake Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia. Ivan aliua watu 39, akabomoa au kuharibu nyumba karibu zote, na kung'oa sehemu kubwa kabisa ya mikungumanga. Mwaka uliofuata akaja Emily. Na mkungumanga si mmea wa mahindi wa kupanda tena msimu ujao. Mche huchukua miaka mitano mpaka minane kuzaa tunda la kwanza, zaidi ya kumi kufikia uzazi wake kamili, na kuna miti dume na miti jike ambayo mkulima wa kawaida hawezi kuitofautisha mpaka itoe maua. Mtu aliyepanda akiwa na miaka hamsini alikuwa akiwapandia wajukuu. Wengine walihamia kakao, ambayo huzaa upesi zaidi. Wengine waliacha shamba.

Mpemba akisimama hapa lazima akumbuke kimbunga cha Aprili 1872. Kile kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Riziki ya kwetu ilikuzwa na upepo uliowafilisi wenzetu. Hilo tulifundishwa shuleni kama tarehe ya kukariri. Kwenye ghala la Gouyave, mbele ya vichanja vitupu, nililielewa kwa mara ya kwanza kwa uzito wake.

Usiku mtaa wa pembeni ulifungwa magari kwa ajili ya Fish Friday, soko la samaki waliopikwa. Wavuvi wa Gouyave ni mabingwa wa dhulumati, ile mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, na jodari wao ni mwekundu na mnene. Nilikula jodari wa kuchoma, keki za samaki, na mahindi ya kuchoma ambayo yangeweza kuwa ya Chake Chake. Muuzaji aliposikia natoka Afrika Mashariki alisema jina moja tu: "Rudisha!" Huu ni mji wa Kirani James, aliyeshinda mita 400 London 2012 akiwa na miaka 19 na kuipa Grenada medali yake ya kwanza ya Olimpiki, michezo ileile ambayo Rudisha alivunja rekodi ya mita 800. Tulisimama tukiyasimulia tena mashindano yale mawili, yeye lake mimi langu, mpaka mkaa wake ukataka kuzimika.

Jumamosi, Sauteurs na Levera

Nimehamia kaskazini kabisa, mji wa Sauteurs, kwa mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha. Nyuma ya kanisa katoliki, kupita makaburi, kuna genge linaloshuka baharini ghafla. Mwaka 1651, miaka miwili baada ya Wafaransa kufika kutoka Martinique, Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, waliosukumwa mpaka ukingo huu waliruka baharini kuliko kukamatwa. Kuna ukuta mdogo na jiwe la kumbukumbu. Nilifika saa sita mchana, nilikuwa peke yangu, na sikukaa sana. Mahali pengine si pa kukaa.

Usiku tulikwenda Levera. Ufuo huu hufungwa usiku msimu wa kasa, huingii bila kibali na kiongozi, na ni sawa iwe hivyo. Anayekuja kutaga hapa ni noa, kasa mkubwa kuliko wote, ambaye gamba lake si gumu kama la ng'amba bali ni ngozi nyeusi yenye matuta marefu. Kwetu ng'amba na kasa wa kijani hutaga kisiwani Misali, lakini noa hapandi fukwe zetu. Nilikuwa sijawahi kumwona.

Tulikaa gizani, taa nyekundu tu, simu mfukoni. Wahifadhi walikuwa wakitembea ufuoni kwa zamu. Usiku ulipokolea wakatuita. Mwanzo niliona mchanga uliochimbuka njia pana, nikadhani boti limekokotwa. Mwisho wa njia hiyo alikuwapo yeye, mrefu kunizidi, akichimba kwa mapezi ya nyuma, akiteka mchanga na kuutua pembeni kwa upole, zamu ya kulia, zamu ya kushoto. Walituzuia kusogea mpaka alipoanza kutaga, kwa kuwa akishaanza hajali tena. Mayai meupe yalidondoka mawili mawili, matatu matatu. Mtafiti aliyahesabu kimya kimya, akampima kwa utepe, akaangalia alama kwenye pezi lake. Baadaye akafukia, kisha akazungukazunguka kutawanya mchanga eneo zima, asijulikane kiota kiko wapi. Kurudi majini alipumzika mara kadhaa, na kila pumzi yake tuliisikia. Watoto watatoka baada ya miezi miwili hivi.

Mama mwenye nyumba alikuwa hajalala niliporudi. "Umemwona?" Nikamwambia nimemwona. "Zamani sisi tulikula mayai yale," alisema. "Sasa mjukuu wangu ndiye anayeyalinda."

Jumapili, Bathway

Jumapili kaskazini ni kanisa, kisha ufuo wa Bathway, kisha chungu. Kuna mwamba mrefu sambamba na pwani ambao huvunja mawimbi ya Atlantiki, na ndani yake watoto huogelea kwa amani. Nje ya mwamba usijaribu.

Mwenyeji wangu alinialika kwenye oil down ya familia yake. Ndicho chakula cha taifa, na Mzanzibari atakitambua bila kuelezwa: shelisheli, ndizi mbichi na karoti, vinafunikwa kwa majani ya majimbi, vinatiwa tui la nazi lenye manjano, pilipili na majani ya viungo, vinachemka kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga mpaka tui lote linywewe na chini kubaki mafuta. Juu hupangwa mabumunda marefu ya unga yaliyoviringwa kwa viganja. Kawaida huwekwa mkia wa nguruwe wa chumvi. Mama aliniuliza tangu jana kama nakula, nikamwambia mimi Mwislamu, na leo sufuria nzima ya watu ishirini na zaidi ilipikwa kwa samaki wa chumvi, bila neno. Nilimshukuru akakataa shukrani: "Mgeni hali chake peke yake."

Shelisheli halikuwapo Karibi mwanzoni. Waingereza walilitoa Tahiti, Kapteni Bligh akalifikisha St Vincent na Jamaica mwaka 1793, ili lipatikane chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Wale waliokusudiwa kushibishwa kwa bei ndogo ndio waliolitia tui na kulifanya karamu. Nilisema kwetu tunalipika hivihivi kwa nazi, tena hulichoma na kulikaanga. Mjomba wa familia, aliyekuwa msimamizi wa moto, akataka nieleze kila pishi, na kwenye pishi la kukaanga akatikisa kichwa akasema hapo mmetushinda.

Jumatatu, River Antoine na Belmont

Mimi sinywi, na bado nawaambia msipite River Antoine bila kuingia. Ni kiwanda cha ramu kilichoanza 1785 na kinafanya kazi mpaka sasa kwa nguvu ya maji. Mfereji kutoka mtoni unaleta maji juu ya gurudumu kubwa la chuma; gurudumu linazungusha kinu; miwa inaingia kwa mkono upande mmoja, maji yake yanatiririka upande mwingine. Makapi yanabebwa kwa kigari kwenye reli ndogo, yanakaushwa, yanarudi kuwa kuni. Maji ya miwa yanachemshwa kwenye masufuria yaliyopangwa safu, mtu anayahamisha kwa upawa mrefu kutoka moja kwenda jingine. Hupitishwa kwenye matangi ya wazi na kuachwa yachachuke kwa hewa ya hapohapo. Wanatoa ramu ya asilimia 75, kali mno hata ndege haziruhusiwi kuibeba, kwa hiyo wanayo nyingine ya asilimia 69 ya wasafiri.

Nilichokitazama mimi ni vile vyuma. Kila siku vinatiwa grisi, vinagongwa, vinarekebishwa na wafanyakazi waliofundishwa na wafanyakazi. Lakini hatukuweza kusimama hapo bila kusema nani aliviendesha mwaka 1785. Kiongozi wetu alilisema mwenyewe, waziwazi, kabla hajaulizwa: shamba hili lilijengwa kwa watumwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwendo mfupi kwa gari ni Belmont, shamba la tangu karne ya 17 ambalo sasa ni la familia ya Kigrenada. Hapa ni kakao tangu mti mpaka kipande cha chokoleti. Mbegu mbichi zenye ute mweupe huwekwa kwenye masanduku ya mbao, hufunikwa majani ya migomba na magunia, huachwa zijipike kwa joto lake zenyewe kwa wiki moja hivi. Kisha huanikwa kwenye trei kubwa zenye magurudumu juu ya reli. Mvua ikija trei zote husukumwa chini ya jengo. Wakulima wa Pemba, chukueni hilo! Nusu ya karafuu tunayoipoteza kwa mvua ingeokolewa na reli mbili na paa. Kugeuza mbegu ni kwa miguu mitupu, wafanyakazi wakitembea kwa kuburuza nyayo, mistari ikibaki nyuma yao kwenye kakao. Nilijaribu, mbegu ni za moto.

Kijijini Hermitage jirani ndipo ilipoanza, mwaka 1999, Grenada Chocolate Company, ushirika mdogo ulioamua chokoleti itengenezwe hapahapa inakoota kakao, kwa umeme wa jua. Mmoja wa waanzilishi, Mott Green, alifariki 2013 kwa kupigwa na umeme akiwa kazini. Mwaka mmoja kabla yake chokoleti yao ilikuwa imevushwa Atlantiki mpaka Ulaya kwa jahazi la tanga. Naikumbuka Kyela, ambako kakao nzuri ya Tanzania inapakiwa magunia na kuondoka mbichi, na naona jambo hili lingewezekana.

Bustanini kiongozi alichuma jani, akawapitishia wageni wanuse na kukisia. Watu walisema mdalasini, bizari. Lilipofika kwangu sikuhitaji kunusa.

Jumanne, Pearls na La Digue

Pearls ulikuwa uwanja wa ndege wa nchi tangu 1943 mpaka ule wa kusini ulipofunguliwa 1984. Sasa ng'ombe wamefungwa kando ya njia ya kurukia, na ndege mbili za Kisovieti, moja ya Cuba, zimeoza nyasini tangu wanamaji wa Marekani waliposhuka hapa Oktoba 1983. Watu hufundishana kuendesha gari kwenye lami ile.

Sehemu yangu ya pekee leo ilikuwa La Digue, kijiji kisicho mbali na Grenville. Hakina cha kumuuzia mtalii. Kuna duka, miti ya kakao, nyumba za mbao juu ya nguzo, wazee barazani. Alizaliwa hapa, mwishoni mwa karne ya 19, Louise Langdon, aliyelelewa na bibi yake, akasoma, akahamia Montreal 1917, akajiunga na harakati za Marcus Garvey za kuwaunganisha Weusi, na kuolewa na Earl Little. Mtoto wao Malcolm alizaliwa Omaha, Marekani, mwaka 1925. Ulimwengu unamjua kwa jina la Malcolm X, mpigania haki za Weusi wa Marekani.

Oktoba 1964 Malcolm alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, akaendelea mpaka Kenya. Desemba mwaka huohuo Abdulrahman Babu, mwana wa Zanzibar, alisimama kuhutubia mkutano wake Harlem. Haya tunayajua kwetu kama habari za Malcolm na Afrika. Mama yake, aliyewasomea watoto wake gazeti la Garvey na kuwafundisha wajivunie walivyo, hatumtaji. Mzee niliyemkuta barazani La Digue alimtaja kwa jina la ukoo, akanionyesha upande familia ile ilikokaa, akauliza kama ni kweli kijana yule alifika kwetu. Nikamwambia alifika. Akamwita mkewe aje asikie.

Jumatano, baharini mpaka Carriacou

Boti la abiria kutoka St George's huchukua saa moja na nusu mpaka mbili. Pwani ya magharibi ni shwari. Ukishaipita ncha ya kaskazini, bahari inabadilika. Chini yake, kilomita nane hivi kutoka Grenada, kuna volkano ya baharini, Kick 'em Jenny, ambayo mlipuko wake wa kwanza kuandikwa ulikuwa 1939. Vyombo huiacha mbali. Kaa nyuma, tazama upeo wa macho, usile kitu kizito.

Hillsborough ni mji mdogo ulio mtaa mmoja tu. Wazee hapa wanajua asili yao ni taifa gani la Afrika, na ngoma yao ya Big Drum inacheza mataifa hayo moja moja: Cromanti, Igbo, Manding, Temne, Kongo. Mzee wa gatini aliniambia yeye ni Manding, akalisema kama mtu anayetaja kijiji alichotoka jana.

Safari hii ilikuwa Mei 2023, na ninaposafisha shajara yangu siwezi kuruka lililofuata. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilitua hapahapa Carriacou kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Takriban kila jengo kisiwani liliharibiwa. Anayekwenda sasa atakuta mapaa mapya, na sehemu zisizo na paa bado. Aende hivyohivyo, alale huko, ale huko, fedha yake ibaki huko.

Alhamisi, Windward

Windward ni kijiji cha mafundi wa vyombo, wengi wao uzao wa mabaharia wa Kiskoti na Waafrika. Wanaunda majahazi yao ya mbao ufuoni, mchangani, bila karakana. Nilimkuta fundi na wenzake wawili kwenye chombo ambacho mkuku, ule uti wa chini, ulikuwa umelazwa na mataruma, zile mbavu zake, yamesimama. Mbao za mataruma ni mti wa mlimani hapohapo, huchaguliwa uliokua umepinda tayari, ili kisilazimishwe kitu. Tezo mkononi, jicho likipima. Niliuliza michoro iko wapi, akagusa paji la uso.

Tulizungumza mpaka adhuhuri. Nikamweleza deheni tunavyopaka chini ya chombo, chokaa na mafuta, na sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao. Akaniambia wao rangi, lakini kalafati, kuziba nafasi za mbao, ni kwa pamba vilevile. Nikamweleza mtepe, chombo chetu cha kale kilichofungwa kwa kamba bila msumari, akasimamisha kazi. Alitaka kujua kamba ilipitaje na maji yakazuiwaje. Nikamchorea mchangani nilichokumbuka.

Naye akanieleza wanavyoshua. Chombo husimama juu ya magogo kikiegemezwa nguzo pande zote. Padri hukibariki, kondoo au mbuzi huchinjwa juu yake, wanawake wapo kwenye masufuria tangu alfajiri. Kisha mafundi hushika mashoka na kuzikata nguzo za upande mmoja kidogo kidogo, kwa zamu, kwa amri ya mmoja, mpaka chombo kilale taratibu kwenye magogo, ndipo kijiji kizima hushika kamba na kukivuta majini. Nguzo moja ikikatwa mapema, miezi yote ya kazi imevunjika. "Anayetoa amri lazima awe mtu ambaye kila mmoja anamsikia," alisema.

Kila mwanzo wa Agosti kuna mashindano ya majahazi, yaliyoanza 1965, na yeye alikusudia chombo hiki kiwemo. Akaniuliza kwetu nani hutoa amri ya kushua. Nikamwambia fundi mkuu, na wavutaji huitikia kwa wimbo. Akasema basi niimbe, awasikilizishe wenzake. Nikaimba, wakaujaribu kiitikio, na mara ya tatu walikuwa wameshaupata.